Ilikufa Tangi, Si Mimi

Mama Neema, mke wangu,

Soma haya ukiwa umekaa. Ni mimi Baba Neema ninayeandika, kwa mkono wangu, na mwandiko wangu mbaya unaujua. Hamjambo huko Mahagi? Neema anakula? Kifua cha mama mkwe kimetulia? Ozia, dereva wa lori, ameniambia kwamba mmeniwekea matanga, mmeazima viti kanisani, nawe umenyolewa nywele. Nilikaa chini nikalia, nikacheka, kisha nikalia tena.

Habari ya kifo changu aliwaletea yeye, lakini hakudanganya kwa kusudi. Alikuwa anapakua mafuta ya komanda hapa langoni pa nyumba ya wageni, akamsikia mlinzi akipiga kelele: "Chef, ya fundi ilikufa!" Fundi hapa ni mimi, na unajua Kiswahili chetu cha Bunia: mtu ilikufa, gari ilikufa, yote mamoja. Kumbe ilikuwa tangi la umeme la kuchemshia maji.

Unalikumbuka, lile jeupe la nyumba ya wageni, nililolifunga mwaka wa ndoa yetu. Tangi la namna hii linataka kufunguliwa kila mwaka, kukwanguliwa chokaa, na kubadilishiwa ule ufito wa ndani unaoliwa na maji ili tangi lenyewe lisiliwe. Likitunzwa hivyo linazeeka vizuri. Lakini tangu vita vianze, barabara ya Iga Barrière haipitishi kitu ila mafuta ya wenye bunduki. Nilipolifungua, ufito ulikuwa umebaki waya mtupu, na kipande cha kuchemshia kimeungua ndani ya chokaa.

Nililifufua kwa kipande nilichotoa kwenye nyumba ya jirani aliyekimbia. Sasa limetoboka chini. Nimeziba kwa mpira wa tairi, bado linavuja. Naweka beseni, namwaga kabla walinzi hawajaona.

Sitakuficha, Mama Neema. Komanda anayekaa hapa aliwafukuza mpishi na mtunza bustani, watu wa kwetu, na hawakufika hata Rwambuzi, mtaa wa karibu tu. Mimi aliniambia: "Weye utabakia, juu ya vile napenda kuoga maji ya moto. Siku maji itatoka baridi, utafuata benzako." Kutoroka siwezi, lori la Ozia linapekuliwa mpaka chini ya turubai. Basi nauguza tangi kama mtu anavyouguza mzazi wake, na linanifia mikononi. Naogopa sana. Nimeomba mpaka maneno ya kuomba yameniishia.

Mpe mama mkwe pole kwa machozi aliyomwaga bure. Kaka yako katekista, asante kwa sala alizonisomea. Sikuwahi kumsikia akinisifu nikiwa naye. Neema mwambie baba yupo. Wewe acha nywele ziote, maana nazipenda. Pikeni sombe leo, mle, mcheke.

Ila viti vya kanisa, mke wangu, msivirudishe bado.

Mumeo, aliye hai anapoandika,
Baba Neema