Siku Safina Alipomwambia Afande "Hapana"

Jumamosi, mchana. Mvua imekatika sasa hivi, mabati bado yanadondosha maji, na mimi nina furaha hadi chai imeungua mara mbili jikoni.

Shajara yangu, salaam. Na wewe dada Zaituni unayenisoma hapa mtandaoni kutoka Mbale, salaam nyingi. Bibi hajambo, anakula vizuri na kugombana na redio. Baba Safina hajambo, mgongo umepoa, amerudi mwaloni kutengeneza injini za mashua. Mapacha hawajambo, Hasani na Huseni, ila Huseni ameng'oka jino na anamwonyesha kila mgeni pengo. Kuku wa Bibi anaatamia. Mimi mwenyewe sijambo, alhamdulillahi. Safina nimemweka mwisho makusudi, maana habari yote ya leo ni yake.

Leo nimefunua kawa nikitegemea samaki.

Nikakuta karatasi ya mtihani wa hesabu imekaa juu ya sahani, imekunjwa vizuri kama kitambaa. Mtoto amejificha nyuma ya mlango, namsikia anavyozuia kicheko. Amefaulu! Si kwa kishindo, amepita kama mtu anayepita mlango mwembamba kwa kubana mabega, lakini amepita. Nimepiga kigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Dada, unajua nilivyokuwa. Shule ilisema wazi kwamba Safina akianguka tena anarudishwa kidato cha kwanza, akakae na watoto wanaomfika begani. Naye aliniambia kwa upole, bila kulia, kwamba akirudishwa haendi tena. Atakuja kuanika dagaa pamoja nami hapa Masese, Jinja. Alisema hivyo huku akinisaidia kugeuza dagaa, na alikuwa anageuza vizuri, vizuri mno. Hilo ndilo liliniogopesha.

Mimi niliishia darasa la tatu. Hesabu yake nikiitazama naona wadudu tu. Basi nikafanya nilichoweza, nikatafuta mwalimu wa masomo ya ziada. Nikampata Afande Okot, yule mzee aliyestaafu uaskari wa jela, ambaye miaka mingi alikuwa akiwafundisha wafungwa hesabu. Watu walimsifu sana. Nikajisemea, kama ameweza wafungwa, binti yangu mpole atamshinda?

Kila Jumamosi alikuja baada ya adhuhuri. Unajua desturi yetu sisi Wanubi, msichana haachwi peke yake na mwanamume wa nje, hata akiwa mzee kiasi gani. Kwa hiyo nilikaa pembeni kwenye mkeka, nikasuka kawa. Afande anaeleza kwa ile sauti yake ya gwaride, halafu anauliza:

"Iko sawa? Umeelewa?"

"Ndiyo, Afande."

Safina anasema hivyo ameinamisha kichwa, na mimi nasuka moyo umetulia. Jumamosi tano. Nilimaliza kawa moja, nikaanza ya pili. Daftari lake safi, mwandiko mzuri. Kisha shule ikawapa jaribio, akaleta sifuri.

Afande aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma. Aliumia, masikini. "Mama, mimi nauliza yeye kila siku. Yeye nasema ameelewa!"

Na ni kweli, nilisikia kwa masikio yangu. Ndiyo, Afande. Ndiyo, Afande. Usiku ule sikulala... sikulala, dada, kwa sababu nilikumbuka ni nani aliyemfundisha neno lile.

Ni mimi.

Unakumbuka vita vilipofika kwetu Soroti, tukapanda lile lori la mihogo kuja kwako Mbale. Safina alikuwa na miaka saba, Musa wako ana sita, ulikuwa umemleta kwetu likizo. Kila kizuizi wanapanda watu wenye bunduki, na hatujui ni wa upande gani. Niliwashika wote wawili mashavu nikawaambia: mkubwa yeyote akikuuliza kitu, sema "Ndiyo, Afande", angalia chini, usiulize neno. Nikawafanyisha mazoezi chini ya turubai mpaka wakajua. Wakaulizwa. Wakajibu. Tukapita.

Neno lile lilituokoa. Halafu nikasahau kulitoa mdomoni mwa mtoto.

Nilipofika hapo nililia kidogo. Halafu nikacheka, maana mimi ndiye niliyekwenda kumtafutia mwalimu, na katika walimu wote wa Jinja nikamchagulia Afande!

Ningemwambia nini? "Safina, kuanzia leo uliza"? Mtoto aliyekaa kimya miaka tisa hafunguki kwa amri. Amri ndiyo iliyomfunga.

Jumamosi iliyofuata niliweka kawa kando. Nikachukua daftari la mapacha, nikaketi karibu na binti yangu. Afande akaeleza theluthi jumlisha robo. Akauliza, umeelewa? Kabla Safina hajafungua mdomo nikasema mimi:

"Hapana, Afande. Sijaelewa."

Hata Bibi alizima redio.

"Mama Safina, hii ni darasa ya mtoto ama ya wewe?"

"Ya wote, Afande. Nikatie chapati."

Akachora chapati mbili. Moja vipande vitatu, nyingine vinne. Akasema nikichukua kimoja huku na kimoja kule, vipande havilingani, kwa hiyo kila chapati tuikate upya vipande kumi na viwili. Nikamwuliza hiyo kumi na mbili imetokea wapi, ameiokota? Akaeleza. Sikuelewa. Akaeleza tena, jasho linamtoka. Sikuelewa, na wallahi sikuwa naigiza, dada. Nilianza nikitaka kuigiza, lakini haikuhitajika.

"Wafungwa wangu walikuwa nakamata haraka kuliko wewe, mama."

"Wao walikuwa na muda, Afande. Mimi nina dagaa juani."

Hapo Safina akacheka. Kwa sauti, mbele ya mwalimu! Akanivuta mkono. "Mama, kumi na mbili inatoka kwa tatu mara nne."

"Kwa nini mara? Kwa nini isiwe tatu na nne, saba?"

Safina akahesabu vipande vya zile chapati kwa ncha ya penseli, kisha akainua macho, akamtazama yule mzee usoni.

"Hapana, Afande. Hapo hata mimi sijui. Nilikuwa nanakili tu."

Niliona mkono wake umeshika penseli kama mtu aliyeshika ukuta. Nami nilikuwa nimeshika kanga yangu vivyo hivyo. Afande akavua kofia, akaiweka chini, akavuta kigoda karibu. Sauti ya gwaride ikaisha kabisa.

"Haya," akasema. "Sasa sisi naanza."

Wakaanza upya, kutoka mambo ya darasa la pili, yale aliyoyakosa tukiwa njiani na bila makao. Mimi nilibaki mwanafunzi mjinga kwa Jumamosi mbili zaidi. Baadaye sikuhitajika. Safina alikuwa akimkatiza mwenyewe: ngoja, Afande, hapana, Afande, rudia hiyo. Kuna siku alimpata mzee amekosea, na mzee akampigia saluti.

Nilidhani kumsaidia mtoto ni kumtafutia mwalimu na kumtaka awe na adabu. Kumbe alihitaji mtu wa kutojua pamoja naye.

Dada, sasa neno langu kwako. Uliniandikia kwamba Musa anashuka darasani, na walimu wake wanamsifu kwa utulivu. Huo utulivu naujua, niliupanda mimi mwenyewe chini ya lile turubai, na naomba unisamehe. Leo hii akae na daftari, kaa naye, mwulize ameelewa. Akisema ndiyo haraka, usimwamini. Mwambie wewe hujaelewa.

Kisha nijibu upesi, hata kabla ya chakula. Nataka kusikia amesema hapana.