Pale Maji Yanaposimama

Jumamosi, 6 Julai
Bismillahi. Kidimbwi cha Baba kimeshuka tena kiganja kizima, na jana mvua ilinyesha kutwa. Marehemu alikijenga kwa mikono yake, nyuma ya nyumba hii hii ya Grassy Park, mimi nina miaka tisa nikimchotea mchanga. Zege tupu. Miaka arobaini na mitano hakijawahi kuvuja. Kimengoja mwaka huu – mwaka ambao binti yangu Nuraan anataka nafasi ya kidimbwi hiki ajenge chumba.

Nilisema mbele yake na mbele ya baba yake, Riedwaan: ikifika tarehe mosi Agosti hakishiki maji, jazeni kifusi, jengeni. Nikalitaja jina la Allah. Hasira tu. Sasa ulimi wangu umenifunga.

Nuraan ana mimba ya miezi saba. Yeye na mumewe wanalala sebuleni kwa mama mkwe, magodoro yanakunjwa kabla ya Alfajiri. Najua yote hayo. Lakini Agosti vyura wanakuja, wale wakubwa wenye madoa kama chui. Wanarudi palepale walipozaliwa. Ukijenga chumba juu ya kidimbwi watakuja wakae mlangoni. Waende wapi?

Jumapili, 7 Julai
Tumekikausha. Konokono na wadudu nimewahamishia kwenye pipa. Nimesugua ukoga wa kijani kwa brashi ya waya mpaka mabega yakaniuma. Pembeni pa ngazi nimeona ufa – nikaupanua kwa tindo, nikaujaza saruji. Riedwaan alikoroga bila kuambiwa. Nilikaanga koesista, maandazi yetu ya shira, kumi na mbili za asubuhi, akala nane. Mume wangu jamani. Miaka ishirini na minane na bado ananishikia karai.

Jumamosi, 13 Julai
Nilijaza Alhamisi, maji ya tangi la mvua, si ya bomba. Leo yameshuka. Kiganja kilekile!

Anti Doreen, jirani, alichungulia ukutani akasema anamwomba Yesu wake kibaki kikavu, maana vyura hawa wanakoroma kama marehemu mumewe, naye alimzika ili apumzike yeye. Nikamwambia mumeo alikoroma mwaka mzima, hawa ni wiki chache tu. Alicheka mpaka akaondoka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 15 Julai
Nimepaka lami nyeusi kote ndani, tabaka mbili. Mikono haitakati. Riedwaan alishika ndoo. Baada ya Magharibi nikaomba dua ndefu, maji yatulie mahali pake. Yeye pembeni yangu. Akasema amin.

Ijumaa, 19 Julai
Yameshuka.

Jumanne, 23 Julai
Mtu wa duka la vifaa alinishauri: acha kuongeza maji, yaache yashuke yenyewe. Pale yanaposimama ndipo panapovuja. Nikaacha. Yamesimama siku tatu kwenye mstari mmoja. Leo, Riedwaan akiwa kazini, nimepiga magoti nikaufuata mstari kwa vidole, kidimbwi kizima. Nyuma ya matete, mahali ambapo jicho halifiki, nimeligusa.

Tundu. Kalamu ingepita. La duara.

Zege halipasuki kwa duara.

Karibu yake kuna la pili, la zamani, bonge la lami limeliziba. Lakini hili la kwanza limetobolewa kupitia lami yangu. Lami niliyoipaka tarehe kumi na tano. Kwa hiyo ni baada ya dua. Baada ya amin.

Nimekwenda bandani. Drili yake iko kwenye ndoano, ncha ina unga wa saruji, na juu ya unga, weusi.

Nimepika. Nimepakua. Sikukaa mezani. Akauliza kama naumwa. Nikasema magoti.

Ijumaa, 26 Julai
Riedwaan alipokwenda msikitini nimeziba matundu yote mawili kwa saruji ya haraka, nikapaka lami, kisha nikajaza maji hadi ukingoni. Alitoka hapa ananukia manukato, kanzu nimempigia pasi mwenyewe. Yeye husali safu ya mbele. Ya Allah, nisamehe nilichokiwaza juu ya ile kanzu.

Drili nimempa Anti Doreen anitunzie. Alinitazama, hakuuliza sana, akasema tu wanaume wa pande zote mbili za ukuta ni walewale.

Jumatano, 31 Julai
Hakijashuka hata ukucha. Leo baada ya Alfajiri nimemkuta chura wa kwanza, dume, amezama mpaka machoni. Nikamwamkia kwa salamu, mjinga mimi. Kisha nikalia, na sikujua namlilia nani.

Alhamisi, 1 Agosti
Naandika upesi. Nilikuwa narudi kutoka kuanika nguo. Riedwaan yuko jikoni, simu mezani kwenye spika, anakoroga chai. Nuraan anauliza fundi aje lini. Baba yake akamwambia Jumamosi, kidimbwi bado kinavuja. Na dirisha liko mbele yake, maji yamejaa hadi ukingoni!

Mtoto akasema, "Si uliniambia kazi imekwisha tangu wiki ile, Baba?"

Kazi gani?

Nikaweka beseni chini. Akageuka. Nikamwambia polepole, "Tulikuwa mswala mmoja, Riedwaan. Ukasema amin."

Akaifunika simu kwa kiganja. Macho yake mekundu. "Nilisema. Nilikuwa namwombea mwanangu. Wewe ulikuwa unamwombea nani, Moena?"

Swali hilo linaniuma kuliko tundu. Akanisukumia simu. "Mwambie mwenyewe basi. Mwambie vyura wamepata pa kuzalia, yeye hajapata."

Nuraan alikuwa bado anasikiliza. "Mama? Kinashika au hakishiki?"

Nikasema nitampigia baada ya Alasiri.

Nimeswali. Nilipotea rakaa, nikarudia. Nilitaja jina la Allah, siwezi kusema kinavuja. Na nikisema kinashika, lazima nimuulize ni kazi gani ile iliyokwisha, na akinijibu nitakuwa nimejua kama naye alikuwemo. Afadhali ufa kuliko kujua.

Riedwaan amekaa nje kwenye ngazi, chai imempoa mkononi, anayatazama maji. Vyura wamefika watatu. Simu iko hapa kando ya daftari.

Inaita. Ni Nuraan.

Inaita, na mimi bado naandika