Wakubwa Walipotolewa Darasani

Kijiji cha Seng'enge,
Garissa.
2 Machi 1967

Mpendwa abti Jelle, mwana wa dada yangu,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Malindi? Raho mkeo hajambo, na kile kikohozi kimemwachia? Sisi tu wazima, kwa maana ya kwamba tunahesabiwa kila jioni na hatujapungua. Barua zangu za nyuma niliwaandikia askari wanaozifungua. Hii anaibeba Mwalimu Musyoka, nayo nimekuandikia wewe.

Mvua hakuna. Ng'ombe tuliotoka nao Sangailu, askari walipotuhamishia ndani ya seng'enge hii, wamekwisha.

Nina jambo la shule, nawe ni mwalimu, nipime. Tulikuwa na chumba kimoja cha mabati na mwalimu mmoja, huyo Musyoka, Mkamba wa Kitui. Wenye miaka sita na wenye kumi na mitatu walikaa pamoja. Wageni waliona fujo. Mimi niliona duksi niliyosomea Kurani: mkubwa husikiliza ubao wa mdogo, na kwa kumsahihisha hulifunga somo lake mwenyewe fundo la pili.

Musyoka alikuwa akisema "pua", wadogo wakiitika "bua", maana Kisomali chetu hakina "p". Alirudia hadi koo likakauka. Hakuwahi kujikwaa hapo, angekijuaje kisiki? Mjukuu wangu Ardo alikuwa amejikwaa mwaka uliotangulia. Akawatia wadogo majivu viganjani, viganja mbele ya midomo. "Ukisema sawa, yanaruka. Yakibaki, umejiotesha bua la mahindi usoni!" Wakapuliza, wakacheka. Musyoka akajifuta majivu, akasema, "Haya, mwalimu mkuu, endelea." Tangu siku hiyo Ardo mwenyewe akasoma bila kusitasita.

Januari akaja mkaguzi. Akasimama mlangoni: "Hili ni darasa ama ni zizi?" Akaanza kuuliza umri. Wajua kwetu mwaka una jina, hauna namba. Ardo akasema alizaliwa mwaka wa ukame. Hakuulizwa ukame upi. Mkaguzi akashika ule aliousikia yeye, akamwandika miaka kumi na sita. Ana kumi na miwili. Rafiki yake Sharifo akamnong'oneza, "Maskini, umezeeka kabla ya harusi."

Wakubwa wote wakatolewa, eti wasiwavuruge wadogo.

Lakini wadogo hao walikuwa wakipita lango la askari wameshikwa mikono na wakubwa. Mama gani atamwachia mtoto wa miaka sita apite peke yake mbele ya bunduki? Haukupita muda, darasani wakabaki Musyoka na chaki. Sasa tunaambiwa imeripotiwa kwamba Wasomali hawataki shule. Nimesoma vitabu vingi, abti, wala sijaona uongo wa ustadi kama huu: umkate mtu miguu, kisha uandike kwamba hapendi kutembea.

Bado sijafika penye uchungu. Kaaha, mama yake Ardo, ameletewa posa. Muoaji ana mvi kunishinda. Kaaha alipolia kwamba binti ni mdogo, wajumbe wakamjibu, "Mdogo vipi, na serikali imeandika amefika?" Nami siwezi kusimama hapa niseme serikali imekosea, watu wamechukuliwa kwa maneno machache kuliko hayo. Nimewaomba wasubiri hadi Idi Kubwa, wamekubali kwa shingo upande.

Basi mpokee Ardo kwako. Musyoka atamwombea kibali cha kusafiri, ila anataka barua yako iseme ana pa kulala na shule ya kumpokea. Usimtafutie darasa la wenzake wa rika tu; mtafutie lenye wadogo wa kuwafundisha. Na kama huwezi, usinifiche, niambie upesi.

Msalimie Raho, na Dubow na wanawe. Dada yangu Bishara usimsomee haya. Mwambie tu kaka yake yu hai. Mungu akulinde kwa ulinzi wake, si kwa huu wetu.

Iandike barua hiyo leo, abti, na umri wake uandike kumi na miwili.

Mjomba wako akupendaye,
Olow