Siku Niliyolinda Swichi ya Kaka Yako

Mama Zuhura wangu,

Wiki hii nimeogopa mpaka nikatamani ungekuwepo unicheke. Unaijua ile swichi ya taa ya chumbani kwetu, kando ya mlango. Binti yako aliamua kutia soketi ubavuni mwake.

Huhitaji kukumbushwa siku ilipokupiga. Ulikuwa umetoka kuosha samaki, mikono ina maji, ukaigusa. Nikasikia "Yarabi!" na nilipofika nikakukuta umekaa sakafuni, midomo imekauka. Ukuta huu wa mawe na chokaa, msimu wa mvua hutoa majimaji ya chumvi, na swichi nayo hulowa. Tangu siku hiyo ukawa unawasha taa kwa mpini wa upawa, na wageni wakikushangaa unawaambia, "Mimi na huyu hatupeani mkono." Nilikuwa nacheka pamoja nao. Lakini wallahi, kila ulipouendea ule mlango nilikuwa nabana pumzi.

Sasa Zuhura ni fundi wa stima, na cheti anacho. Sababu ya soketi ni mimi mwenyewe. Feni yangu ilikuwa inavutiwa waya kutoka sebuleni, unapita mlangoni, na juzi nikajikwaa nikaangukia goti.

"Basi, baba," akasema. "Jumamosi nakutilia soketi."

Nikamwambia joto nitalivumilia. Akanicheka, kicheko chako kabisa.

Jumamosi nikazima swichi kuu yetu kwa mkono wangu. Taa za sebuleni zikafa. Akaifungua ile swichi ya mlangoni, akagusisha testa, ile bisibisi yake ya kupimia stima, na testa ikawaka. Lo! Nikamvuta bega arudi nyuma.

"Hii haitoki kwetu, baba," akasema. "Inatoka chini."

Kumbe marehemu baba yako alipofariki na nyumba ikagawanywa, juu kwako, chini kwa kaka yako Athumani, ngazi zilitajwa, tangi la maji likatajwa, lakini waya hakuna aliyezikumbuka. Mwanangu alikuwa karibu kutia mkono kwenye stima ya nyumba nyengine.

Tukateremka. Athumani alikuwa msikitini, mlango wazi kama kawaida yake. Zuhura akazima swichi kuu yao, akashughulika kidogo na sanduku la swichi hiyo, kisha akanigeukia. "Simama hapa. Mtu asiwashe." Akapanda zake.

Nilisimama, kiganja juu ya swichi, jasho linanichuruzika. Kutoka juu nilisikia nyundo na patasi tu. Nyundo ikinyamaza, moyoni namwona yuko sakafuni, midomo imekauka kama yako. Naita, "Zuhura!" Anajibu, "Naam, baba!" Mara moja nikaita, kimya. Nikaita tena, kimya. Nilisoma kila dua niliyoijua, nikazichanganya. Baadaye akaniambia alikuwa na skrubu mdomoni.

Na ndipo Athumani akaingia. "Ah, stima imekwenda? Nami nataka kupandisha maji!" Mkono wake ushafika kwenye swichi. Nikamkamata kifundo, nikamsukuma mpaka ukutani. Mimi, Mama Zuhura, ambaye kaka yako sijapata hata kumpazia sauti!

"Mwanangu ana mikono ndani ya ukuta!"

Akaniangalia, kofia imemwenda upande. "Pole pole, shemeji," akasema. "Ni mwanangu pia." Akasimama nami, hakuuliza tena habari ya maji.

Hatimaye Zuhura akashuka, mzima, amejaa vumbi la chokaa. Nilimshika mikono yote miwili, nikaigeuza kama ya mtoto mchanga. Akajitoa taratibu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa fyuzi ya kaure na kuirudisha sandukuni.

"Hiyo ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Tangu tulipozima. Bila hii, hata mtu akiwasha, stima haipandi."

"Sasa mimi nilikuwa nalinda nini?"

Akainama. "Ulikuwa unatetemeka, baba. Nikaona nikupe pa kuweka mkono."

Feni sasa inazunguka karibu na kitanda, na nalala vizuri. Uoga ndio haukwisha. Kila asubuhi anatoka, leo Kizingo, kesho Makupa, anatia mikono kwenye kuta nisizozijua, na chini yake wanaingia watu nisiowajua. Nampigia simu mpaka ananikaripia. Ungekuwepo, ungeniambia niache. Siwezi, mke wangu.

Jana alipolala kidogo baada ya alasiri, niliichukua ovaroli yake nikatia mkono kwenye ule mfuko wa fyuzi. Kidole kikatokea upande wa pili. Nikatoa sindano yako, nikakaa dirishani, nikashona, nikarudia, nikarudia tena. Mshono ni mbaya, ungeona ungeufumua. Lakini fyuzi haiponyoki.

Mungu akurehemu, na anihifadhie huyu uliyeniachia.

Mumeo,
Baba Zuhura