Sikukuu Mbili, Jiko Moja

Jumatatu, 8
Mkono umekufa ganzi kwa kushika mashine. Mwaka huu sikukuu yetu na ya kina mke wangu zimegongana — Alhamisi moja! Waumini wa pande zote wamebanana kwenye benchi la saluni yangu, kila mtu anataka anyolewe kwanza. Mwalimu mmoja kasema Mungu ni mmoja na kinyozi ni mmoja, kwa hiyo tuvumiliane. Watu wakacheka. Kumbe yeye ndiye aliyeruka foleni!

Jumanne, 9
Mama kapiga simu nikiwa na kichwa cha mtu mkononi. Anakuja Alhamisi! Mama huyu huyu, ambaye tangu nioe mwanamke wa dini nyingine hajakanyaga kwangu. Mjukuu wake humwona kwa dada yangu. Kasema anamfuata mjukuu, nisijipe kichwa. Mteja akauliza mbona nimeganda. Nikamwambia atulie, nitamkata sikio.

Nimemweleza mke wangu. Kakaa chini kwanza. Halafu kasema taratibu kwamba mama yake naye anakuja. Siku hiyo hiyo. Lo!

Jumatano, 10
Fagia, piga deki, tundika pazia. Mke wangu kafua hadi visivyochafuka.

Jioni dada kapiga: Mama atakuja na chakula chake, kwenye sufuria yake. Cha kwetu hali. Nilitaka kulimeza hilo peke yangu, lakini simu yangu ina sauti kama redio. Mke wangu kasikia yote. Aliendelea kukata vitunguu, akifuta macho kwa kiwiko. Nami nikajifanya kuamini kwamba ni vitunguu.

Alhamisi, 11
Nimejibanza chumbani. Mlango nimeuacha wazi kidogo, jikoni napaona vizuri.

Mama kafika na sufuria yake, kaifunga kwa taulo kama mtoto mchanga. Mjukuu kamwamkia, kisha kakimbilia nje kucheza. Mama mkwe alikuwa ameshavaa aproni ya binti yake. Wakasalimiana kama wako mahakamani. Nikaaga, nakwenda kununua chumvi. Chumvi ipo tele!

Nimerudi na kujipenyeza humu chumbani; kila mmoja yuko kona yake. Jiko letu la gesi lina vichwa viwili na kimoja kimegoma. Sufuria ya Mama inataka kupashwa moto, ya mke wangu inatokota. Mama mkwe akaiepua ya binti yake.

"Weka yako, dada. Umetoka mbali."

"Hapana, hiyo haijaiva. Irudishe."

"Weka bwana!"

"Sitaki!"

Wakavutana kwa heshima zote — mpaka sufuria ya Mama ikapinduka. Yote chini! Hata tone halikubaki.

Nilifumba macho. Kisha nikasikia kicheko. Mama! Kashika kiuno, machozi yanamtoka, anasema kaamka alfajiri kuwapikia sisimizi. Mama mkwe naye kaangua kicheko, kaegemea ukuta. Mke wangu akaja mbio na tambara. Mama akamnyang'anya.

"Acha, mwanangu. Utachafua nguo ya sikukuu."

Mwanangu! Mke wangu alibaki ameinama vile vile, mikono mitupu.

Sakafu imekauka sasa. Sufuria ya mke wangu imerudi motoni, imeiva. Mama kaifunua, ananusa. Kauliza mna nini humu. Mke wangu anamtajia kimoja kimoja. Mama anasikiliza kama daktari.

Mama mkwe anajifanya kufuta meza.

Mama anauliza vijiko vinakaa wapi —