Nyama ya Mama Ndani ya Remorke

Beni, siku ya ine tangu tukimbie, usiku

Hata maji haikusaidia. Asubuhi nililowesha gunia, nikaizungusha tena kwa sufuria ya nyama ya mbuzi ya Mama, nikasukuma yote chini ya remorke fasi kuko kivuli. Saa sita harufu ilikuwa imegeuka. Kuichemusha hatukuweza: hapa banakataza moto, moshi inaita askari.

Tangu askari bakamate jeep yetu kwa barrière, kizuizi yao ya njia, tunalala mu hii remorke, tela yenye jeep ilikuwa inakokota, mu kiwanja ya kanisa. Mimi, bwana yangu Paluku, na batoto.

Tulipokimbia vita, Mama alibakia Butembo. Alikatala kuacha nyumba. Alichinja mbuzi yake ya mwisho juu askari basiikule, akatupikia yote. "Mukule kidogo kidogo," alisema. "Usiku muweke sufuria inje, baridi itaichunga."

Kule kwetu juu ku milima, ni kweli. Baridi ya Butembo inachunga chakula mpaka kesho kutwa. Huku Beni hata usiku ni joto. Nilijua, lakini nilifanya tu vile Mama alisema.

Batoto balikuwa banaomba nyama, na mimi nabanyima: kesho, kesho. Ile njo inaniuma.

Tangu tufike, hakuna mutu mwingine mwenye ametoka Butembo. Sijui kama Mama...

Paluku alitaka kuimwanga nyuma ya kanisa. Nikamuambia achimbe shimo. Alichimba, akashusha nyama polepole, kisha akavua kofia.