Mkono wa Kulia wa Shamsia

Jumatano, 1 Mei 2024

Severin kalala kwangu Kinole. Asubuhi kanywa chai barazani, simu sikioni, utadhani waziri. Meneja mkuu wa kiwanda cha kusaga mdalasini, kule Msamvu – na nimemzaa mimi, wa darasa la saba! Wafanyakazi wanataka kupumzika Mei Mosi. Kasema sikukuu hiyo ni mabaki ya ujamaa, waje kazini. Na vile vifuniko vya chuma kwenye mashine vitolewe, vinachelewesha. Vinapendwa na wakaguzi tu. Nikacheka. Toka ujana imani yake ni hiyo hiyo: serikali ikae pembeni, mtu ajitume.

Nikavuka kwa jirani yangu Yasmin. Ungemsikia mwanangu anavyoamuru! Nikamsimulia yote. Binti yake Shamsia yuko huko huko kiwandani, kazi nilimwombea mimi.

Alhamisi, 2 Mei

Mashine imemla Shamsia mkono. Wa kulia. Jana mchana.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 5 Mei

Severin kaja na gunia la mchele wa Turiani na doti mbili za kanga. Mama, peleka kwa Yasmin, wewe wanakusikiliza. Wakaguzi wakija, waseme binti alifungua kifuniko mwenyewe.

Nikamwuliza, si uliamuru wewe?

Akasema kiwanda kikifungwa watakuwa wameshinda wale wale wa serikali waliomfilisi baba yake kwa vyama vyao vya ushirika. Wala hakuinamisha macho. Anaamini. Hapo ndipo ninapoumia – angekuwa anadanganya tu, ningemchapa.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeenda. Shamsia karudi toka hospitali, kalala mkekani. Aliponiona akajiinua. Shikamoo mama. Nisamehe, nakupa wa kushoto.

Nimeupokea kwa yangu yote miwili. Maneno ya Severin yakagoma kutoka. Mchele na kanga nikarudi navyo.

Yasmin akanisindikiza hadi njiani. Hakulia. Mama Severin, alivyoamuru uliniambia mwenyewe, tena unacheka. Kesho wakaguzi wanakuja, nitawaleta kwako. Utawaambia kama ulivyoniambia mimi?

Jumanne, 7 Mei

Severin kafika mapema. Kakaa barazani, kiti kile kile. Shikamoo mama, mkono kaunyoosha. Nimeuangalia tu, nikaingia chumbani.

Sasa Yasmin anabisha hodi na wageni wake. Severin anawakaribisha, sauti nzuri, ile niliyomlea nayo. Ananiita. Mama, njoo uwaambie umezaa mtu gani.